Tone la mvua kwenye ua: picha inapogoma

Picha ya tone ikiharibika, usikimbilie kulaumu kamera. Ikuze kwenye skrini mpaka tone lijae, halafu jiulize: kuna mahali popote kwenye picha hii palipo kali? Swali hilo moja linamaliza karibu nusu ya kazi.

Kama hakuna pakali hata mahali pamoja, na kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Kama ua ndilo lililovutika lakini kijiti kilichochomekwa kando yake kimetulia, huo ni upepo. Na kama pana pakali lakini si kwenye tone, tuseme ni ncha ya petali au sisimizi anayepita nyuma, basi tatizo ni fokasi, yaani umbali ambao lenzi imeulenga, na hapo hata uongeze kasi ya shata (kile kimlango cha kamera kinachofunguka na kufunga) mpaka mwisho hutapata kitu. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Masika moja nzima nilihangaika kuziba upepo kwa mabati na maboksi uani kwa mama, Tanga, kumbe upepo haukuwa na kosa. Picha zilikuwa na mahali pakali kila mara, ila mimi nilikuwa naliangalia tone tu.

Uani penyewe si bustani ya kutisha. Kuna mwaridi mmoja mkongwe, haibiskasi nyekundu kando ya ukuta, asumini karibu na dirisha, na magimbi yaliyojiotea pale bomba linapovuja. Kwa kazi hii panatosha kabisa.

Jani la nyuma liko kali, tone limefifia

Fokasi ya otomatiki hutafuta mahali penye tofauti kubwa ya mwanga na kiza. Tone ni dogo, linapitisha mwanga, na kingo zake ni nyembamba. Jani la nyuma lenye mishipa mikubwa linaivutia kamera kuliko tone. Zima otomatiki. Weka fokasi ya mkono kwenye umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaukubali, kisha usiiguse tena pete ya fokasi: sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole, na ubonyeze tone linapong'aa kwenye skrini. Mara ya kwanza utajiona kama unacheza ngoma peke yako. Majirani watazoea.

Kwa simu kuna chanzo kingine. Ukisogea karibu sana, simu nyingi za sasa hubadilisha lenzi zenyewe bila kukuuliza, zikahamia ile pana yenye hali ya makro. Ghafla unaona pembe ya picha imebadilika na kivuli cha simu yako kimeangukia ua. Kama hiyo lenzi ya pili si nzuri, na kwenye simu za bei ya kawaida mara nyingi si nzuri, zima hali ya makro, rudi nyuma sentimita kadhaa, piga, kisha ukate picha baadaye. Tone dogo lililo kali lina faida kuliko tone kubwa lililofifia.

Tone liko kali, lakini ua lililomo ndani yake limelegea

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo penye utamu wa kazi yote.

Tone linaloning'inia lina ua ndani yake, dogo na lililopinduliwa, kwa sababu maji yanapinda mwanga kama kioo cha lenzi kinavyofanya. Sisi tunadhani hilo ua limekaa ndani ya tone, kama mdudu ndani ya shanga. Halimo. Chukua tone la upana wa milimita 4 lililo karibu na duara: taswira ya ua lililo nyuma yake inajengeka nje ya tone, kama milimita 2 mbele ya uso wake, upande wako wewe mwenye kamera. Ukiweka fokasi kwenye ukingo wa tone, umeikosa taswira kwa milimita 4 hivi. Ukiweka kwenye taswira, ukingo nao unalegea.

Milimita 4 inasikika kama si kitu. Lakini kwa kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga), ukipiga tone kwa ukubwa wake halisi, yaani taswira yake kwenye sensa iwe na upana sawa na tone lenyewe, kwa tundu la lenzi la f/8 (namba ikipanda, tundu linapungua), kina cha ukali, yaani unene wa eneo linalotoka kali, ni kama milimita 1 tu. Kufunga tundu mpaka f/22 kunavutia, ila kwa ukaribu huo mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inapoteza makali. Mimi nafanya hivi: narudi nyuma mpaka tone lichukue nusu ya ukubwa ule, nafunga hadi f/11. Hapo kina kinafika karibu milimita 4, na vyote viwili vinaingia, ukingo na ua. Kisha nakata picha. Mwenye subira anaweza kupiga picha kadhaa akisogeza fokasi kidogo kidogo na kuziunganisha kwenye programu, mradi hakuna upepo. Mwenye simu amebahatika: sensa yake ndogo inampa kina kirefu bila jasho.

Sasa umbali wa lile ua la nyuma. Ukiliweka sentimita 4 au 5 nyuma ya tone, taswira yake inakuwa pana kuliko tone lenyewe, na unachokiona ni rangi tu, nyekundu au njano, bila umbo. Ukilisogeza mita moja, linakuwa nukta. Ua la upana wa sentimita 8 nimelipenda zaidi kwenye umbali wa sentimita 12 hadi 15. Linajaa katikati ya tone na kuacha nafasi kidogo pembeni. Na ua la nyuma lazima lipate mwanga wake. Tone haliwezi kuonyesha kilichoko kivulini.

Kuhusu kupinduliwa: jerbera au ua lolote la duara linalokutazama halina juu wala chini, hivyo halina shida. Lakini ukitaka lile ua lenye shina lionekane limesimama, lazima ulishike kichwa chini huko nyuma. Kuna wanaopiga kawaida halafu wanageuza picha nzima. Ua linasimama, sawa, ila tone sasa linaning'inia kuelekea mbinguni. Mtu wa kwanza kuliona hilo kwenye picha yangu alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Doa jeupe limeunguza tone

Angalia umbo la doa. Umbo lake linakutajia mhalifu. Nukta ndogo kali ni jua la wazi au flashi ya kamera. Mstari mrefu ni taa ya baraza. Pembe nne ni dirisha. Tone linaakisi kila chanzo cha mwanga kilichoko mbele yake, na kadiri chanzo kilivyo kidogo ndivyo doa linavyokuwa kali.

Dawa ni kukikuza chanzo. Shuka jeupe lililochakaa, likishikwa kati ya jua na ua, linageuza nukta kali kuwa mng'ao mpana unaopendeza. Kwa flashi, karatasi nyeupe ya kuokea ikiwekwa mbele yake, mbali kidogo na taa, inafanya kazi hiyohiyo. Punguza na mwangaza kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kichujio cha polaraiza kinaweza kufuta baadhi ya miakisi, ila mimi sikipendi hapa: tone lisilong'aa linaonekana kama tundu kwenye ua.

Na saa ni muhimu kuliko kifaa. Maelekezo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa nchi ambazo jua linatambaa chini, karibu na upeo, kwa saa nyingi. Letu linapanda karibu wima. Tanga jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa mbili na nusu limeshafika nyuzi 30 juu, na matone madogo yameanza kukauka. Una saa moja na nusu hivi, si zaidi. Ukisubiri chai iive, umechelewa.

Tone lipo kwa macho, kwenye picha halipo

Hili linatokea zaidi mbingu ikiwa imefunga, mwanga ukitoka kila upande kwa usawa. Tone halina rangi yake. Linaazima kilicho nyuma yake. Kama nyuma kuna kijani na tone liko juu ya jani la kijani, umepiga kijani juu ya kijani. Mambo mawili yanaliokoa. Kwanza, zunguka mpaka mwanga utokee nyuma ya ua au ubavuni, si mgongoni kwako. Pili, tafuta nyuma penye tofauti: kivuli cha ukuta, kitambaa cheusi, hata mlango wa jiko uliofunguliwa penye giza. Kwa vile tone linapindua, anga iliyoko juu itaonekana chini ya tone kama mwezi mwembamba mweupe, na kiza cha ardhi kitakuwa juu. Ukiuona huo mwezi, bonyeza.

Maji yanatambaa, hayasimami kuwa tone

Kabla ya kulaumu mvua, angalia uso wa ua. Jani la gimbi lina nta na vijinundu vidogo mno, maji hayawezi kulishika. Tone linakuwa duara kamili na kukimbia ukiligusa tu jani. Ni shule nzuri ya mwanzo, na asubuhi hata bila mvua utakuta tone kwenye ncha yake, kwa sababu jani lenyewe linasukuma maji nje usiku. Si umande huo. Petali ya waridi ni tofauti: tone linasimama duara vilevile, lakini linang'ang'ania, hata ukipindua petali halidondoki. Ndiyo maana waridi ni ua la kwanza ninalomwendea baada ya mvua. Haibiskasi yangu ndiyo mkaidi. Maji yanatanda juu ya petali na kuilaza, na baada ya mvua kubwa linabaki kama kitambaa kilicholowa. Kwenye haibiskasi natafuta matone kwenye ule mrija wa katikati wenye chavua, au kwenye chipukizi ambalo halijafunguka.

Kama hakuna mvua ukaamua kupuliza maji mwenyewe, angalia chupa. Niliwahi kutumia chupa ya zamani ya dawa ya kusafishia vioo. Niliisuuza mara mbili nikajiona fundi. Maji yakawa yanateleza juu ya waridi kama mafuta, hakuna tone hata moja, nikaamini mwaridi umeugua. Kumbe ni mabaki ya sabuni. Sabuni inavunja ule mvutano wa uso wa maji unaolifanya tone lijikunje duara, inaweza kuushusha hata chini ya nusu. Nunua chupa mpya, haifiki bei ya vocha ya wiki.

Kwa tone moja mahali unapotaka, bomba la sindano lisilo na sindano linakupa udhibiti mzuri. Na kama tone linakauka kabla hujapanga fokasi, changanya maji na gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu. Linakaa muda mrefu na haliteremki haraka. Inapinda mwanga zaidi kuliko maji matupu, kwa hiyo taswira inasogea karibu zaidi na tone, rekebisha fokasi. Mtu akikuuliza kama ni mvua, mwambie ukweli. Mimi sioni aibu ya gliserini, naona aibu ya kuiita masika. Ukimaliza suuza ua kwa maji safi.

Ua halitulii

Ukishathibitisha kwa kile kipimo cha mwanzo kwamba ni upepo kweli, anza na njia ya bure: kuamka mapema. Pwani, upepo wa baharini huwa unaamka mchana; alfajiri mara nyingi majani yamesimama kama yamechorwa. Halafu chomeka kijiti kando ya shina na ulibane kwa kibanio cha nguo, chini ya fremu. Usibane karibu na ua, utalitikisa na tone litadondoka kabla hujainua kamera. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, na upige mfululizo wa picha tano au sita kila upepo unapovuta pumzi. Kati ya hizo moja itakuwa imetulia.

Kama ni mkono wako unaotikisika, laza mkeka, lala kifudifudi, viwiko chini. Tripodi ni nzuri ila nyingi hazishuki hadi usawa wa ua la chini. Mfuko wa nailoni uliojazwa mchele kilo moja unalala vizuri chini ya lenzi. Bonyeza kwa kutumia kihesabu cha sekunde 2.

Picha nzima ina weupe kama maziwa

Ulilala chumba chenye kiyoyozi? Kamera iliyopoa ikitoka kwenye joto la pwani lenye unyevu, mvuke unageuka vitone juu ya kioo kama kwenye glasi ya maji baridi. Kuifuta hakusaidii, unarudi palepale. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kutoka, iache nje kama nusu saa ipate joto, ndipo uifungue. Maji yatatanda juu ya mfuko, si juu ya lenzi. Na usibadilishe lenzi wakati huo.

Kama weupe haupotei hata mchana, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui ndani ya vioo, hiyo ni kuvu. Sisi wa pwani tunaijua. Hiyo ni kazi ya fundi. Nyumbani unachoweza ni kuzuia, kwa kuhifadhi lenzi kwenye kopo linaloziba pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Nyekundu imekuwa bapa, kama rangi ya kopo

Haibiskasi na waridi jekundu. Kamera imepima mwangaza wa picha nzima ikaridhika, kumbe rangi nyekundu peke yake imefurika na mikunjo ya petali imepotea. Shusha mwangaza kwa stopu moja, na kama kamera yako inaonyesha grafu ya rangi tatu, fuata ile nyekundu.

Kama asumini jeupe limetoka la kijani au buluu, tazama juu: umepiga chini ya mti, au chini ya bati la rangi. Sogeza sufuria ya maua. Wakati mwingine suluhisho ndilo hilo tu.

Mvua inayodondoka imegeuka mistari

Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 bado linasafiri milimita 9 kabla shata haijafunga, yaani zaidi ya upana wake mwenyewe. Kwa hiyo shata peke yake haitoshi ukiwa karibu. Flashi iliyopunguzwa nguvu mpaka chini kabisa huwaka kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya 1/10,000, na ndiyo inayolisimamisha tone. La sivyo, ikubali mistari: teremsha shata mpaka 1/30, weka nyuma pawe peusi, na mvua iwe nyuzi za fedha zinazolipita ua lililotulia.

Simu inajibonyeza yenyewe

Maji kwenye skrini yanasomeka kama vidole. Piga kwa kitufe cha sauti, na mwambie mtu akushikie mwavuli, awe upande wako, asiwe juu ya ua, maana mwavuli wa rangi utaonekana ndani ya kila tone. Nina picha nzuri sana ya waridi lenye matone kumi na saba, na kila moja lina mwavuli wa mama wa maua ya zambarau.